FIZIBLI INALINDA NANI? SOMO KUTOKA NDEGE NDOGO



Mara hii sisi wa la sita Umeme tumeombwa kueleza namna ya kuchagua waya na fizibli. Tumechukua mfano wa ndege ndogo, kama zile Cessna za misioni ambazo makanisa yetu yanazijua vizuri. Wengine watauliza: juu ya nini ndege, na sisi hatuna hata pikipiki? Ngojeni, mtaona mwishoni.

Ndege ndogo iko na alternateri inayozungushwa na motere. Alternateri inajaza batri na kulisha taa, redio na vyombo vya rubani. Tuseme inaweza kutoa ampere 60 kwa volti 14. Waya gani itabeba umeme ule?

Jambo la kwanza ni unene. Kila waya iko na rezistansi, na umeme ukipita, waya inapata joto. Kwa shaba tunahesabu hivi: 0.017 mara urefu kwa meta, gawanya kwa unene kwa milimeta za mraba. Tuchukue waya ya meta 3. Ikiwa na unene wa milimeta za mraba 2, rezistansi ni omu 0.0255. Ampere 60 zikipita, tunapoteza volti 1.5, na waya inatoa joto la wati 92. Ile ni pasi inayojificha nyuma ya ukuta wa ndege! Lakini waya ya milimeta za mraba 13 inapoteza volti 0.24 tu, na joto ni wati 14. Kitabu cha mafundi cha shirika la anga la Marekani, FAA, kinasema kwamba katika ndege ya volti 14 tusipoteze zaidi ya nusu volti kwa vyombo vinavyofanya kazi bila kusimama. Basi waya ya kwanza imeanguka mtihani.

Mtu atasema: basi tuweke waya nene popote. Hapana. Shaba ni nzito, na kila kilo ya waya ni kilo moja ya dawa au ya abiria inayobaki chini.

Tena kuna mambo yanayozidisha joto: nyaya nyingi zikifungwa pamoja, waya ikipita karibu na motere, na hewa nyepesi ya juu ambayo haipoozi vizuri. Uwanja wa Goma wenyewe uko zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, hata kabla ndege haijaruka.

Jambo la pili ni ulinzi, na hapa wengi tunakosea. Tunafikiri fizibli inalinda redio au taa. Hapana! Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Kwa hiyo inachaguliwa kufuatana na waya. Wamarekani wanaita nyaya kwa namba, na namba ikipanda waya inakuwa nyembamba. Kile kitabu kinatoa disjonktere kubwa kabisa kwa kila waya:

– namba 22 (karibu mm² 0.3): ampere 5
– namba 14 (mm² 2): ampere 20
– namba 8 (mm² 8): ampere 50
– namba 6 (mm² 13): ampere 80

Kwa alternateri yetu ya ampere 60, namba 8 haitoshi. Tunachukua namba 6. Na disjonktere? Ya 60 itakuwa inaruka bure, kwa sababu alternateri ikiwa bado baridi inaweza kutoa zaidi kidogo ya kipimo chake. Tunaweka ya 70 au 80: iko juu ya kazi ya kawaida, lakini haipiti nguvu ya waya.

Jambo la tatu: tuiweke upande gani? Ile waya ikikwaruzwa na kugusa mwili wa ndege, alternateri haiwezi kutoa sana kupita kipimo chake. Hatari inatoka kwa batri, ambayo inaweza kurudisha mamia ya ampere katika waya ileile. Basi disjonktere inawekwa upande wa batri, pale nyaya zinapogawanyika. Mlinzi anasimama kwenye mlango ambao mwizi anapitia.

Na ikiruka angani? Rubani hairudishi ovyo. Motere ya ndege ndogo haizimiki alternateri ikikatwa, kwa sababu magneto zinatoa cheche zenyewe. Kukosa redio ni shida. Moto angani ni kifo. Tukumbuke ndege ya Swissair namba 111, iliyoanguka karibu na Kanada tarehe 2 Septemba 1998 kwa sababu ya moto ulioanzia kwenye nyaya za juu ya dari. Watu 229 walikufa. Pale waya ilitoa cheche bila disjonktere kuruka. Kwa hiyo hata ulinzi mzuri hauondoi kazi ya kuchunguza nyaya kwa macho.

Sasa turudi kwetu. Muhula uliopita, katika internati, fizibli ya batri ya paneli ilikatika mara tatu, kwa sababu tulifunga konvertisere ili tutazame filme. Ilikuwa ya ampere 10, na waya ya milimeta 1.5. Mmoja wetu akaweka kipande cha shaba badala yake. Taa zikawaka, tukapiga makofi. Usiku waya ikayeyuka, godoro la mtoto wa la kwanza likashika moto. Mungu alisaidia, aliamka kwa moshi.

Sisi makapita tuliona kile kipande cha shaba, tukanyamaza. Tunaomba msamaha mbele yenu wote, na zaidi kwa yule ndugu mdogo.

Fizibli ikikatika, inasema neno. Tutafute sababu kwanza, halafu tuweke nyingine ya kipimo kilekile. Makapita wanazo. Waombeni, hata usiku.