Mali Bila Daftari: Jinsi ya Kuunda Mtambo wa Sola na Betri Nyumbani

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumbani kwetu tuliuthibitisha usemi huu. Tulinunua paneli ya sola na betri ya gari, tukaziunganisha, tukawasha taa na televisheni. Kabla ya mwaka kwisha betri ilikuwa imekufa, nasi tukarejea kwenye koroboi. Hatukuibiwa na mtu. Tulinunua kabla ya kuhesabu. Makala haya yananuia kuieleza hesabu hiyo kwa Kiswahili.

Matumizi

Kwanza tutofautishe dhana mbili. Wati hupima kasi ya kifaa kutumia umeme. Wati-saa hupima jumla ya umeme uliotumika. Taa ya wati 5 ikiwaka kwa saa 5 hutumia wati-saa 25. Tuchukue nyumba yenye taa 4 za aina hiyo (100), televisheni ya wati 30 kwa saa 4 (120), redio ya wati 10 kwa saa 5 (50) na simu za kuchajiwa (takriban 30). Jumla ni wati-saa 300 kwa siku. Hilo ndilo daftari letu.

Betri

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Hata hivyo, betri ya risasi na asidi ikizoea kushushwa chini ya nusu, umri wake hufupika. Kwa hivyo chetu ni 600 tu: cha usiku wa leo, na cha kesho endapo jua halitatoka. Betri ya gari haifai kabisa, kwani imeundwa kutoa umeme mwingi kwa nukta chache za kuwasha injini, wala si kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya lithiamu huweza kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, ingawa bei yake ni ya juu na huhitaji kidhibiti kinachoafikiana nayo.

Paneli

Sehemu ya umeme hupotea njiani. Tukikadiria hasara ya asilimia 30, paneli yapasa itoe takriban wati-saa 430 ili tubaki na 300. Mahali penye jua kali la saa 5 kwa siku, paneli ya wati 86 ingetosha. Lakini mwezi wa Julai, mawingu yanapotanda nyanda za juu, saa hizo zikishuka hadi 3 tutahitaji wati 143. Basi tununue ya wati 150. Iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, na isifikiwe na kivuli hata cha tawi moja.

Kuunganisha

Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti cha kuchaji, hapa cha ampea 20. Hiki huzuia betri kujazwa kupita kiasi, na vingi hukata umeme betri inapopungua mno. Huunganishwa na betri kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Kufungua ni kinyume chake. Aidha, fyuzi iwekwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Nyaya zikigusana bila fyuzi, betri humwaga mamia ya ampea kwa mpigo, na nyumba huweza kuteketea. Nyaya nazo ziwe nene: kifaa cha wati 60 huvuta ampea 0.25 kwenye volti 240, lakini ampea 5 kwenye volti 12. Isitoshe, betri ya asidi hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, hivyo iwekwe penye hewa, mbali na moto.

Hitimisho

Nchini Kenya, kufunga mitambo hii ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Hata hivyo, hesabu si siri ya fundi. Anayeijua hauziwi betri isiyofaa, wala hamlaumu muuzaji kwa kosa lake mwenyewe. Nyumbani kwetu sasa daftari limetundikwa kando ya betri ya pili. Kila anayeleta kifaa kipya huandika wati zake humo kabla ya kukichomeka.