Kusikia si Kusikiliza

Mama mmoja kijana afika zahanati, mtoto mgongoni. "Shikamoo, daktari. Huyu mtoto ana homa tangu juzi, na tena..." Kabla hajamaliza, daktari amekwisha kuuliza: "Amepimwa malaria?" Mama ajibu swali hilo na mengine yaliyofuata, apokea dawa, ashukuru, aenda zake. Neno alilokusudia kulisema mwisho, kwamba tangu alfajiri mtoto amekataa kunyonya, amerudi nalo nyumbani. Nalo ndilo lililokuwa na hatari kubwa.

Daktari wa mfano huu si kiziwi. Mawimbi ya sauti yaligonga ngoma ya sikio lake, mifupa mitatu midogo ikayapitisha hadi sikio la ndani, na mishipa ya fahamu ikaifikisha habari ubongoni. Kazi hiyo hufanyika bila mtu kuitaka. Kiswahili kimezitenga vyema kazi hizi mbili: kusikia ni kwa sikio, kusikiliza ni kwa nia.

Kwa nini basi kusikiliza kuwe kugumu? Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa mazungumzo katika lugha kumi za mabara mbalimbali. Kwa wastani, aulizwaye huanza kujibu yapata sehemu mbili za kumi za sekunde baada ya swali kwisha. Lakini uchunguzi mwingine umeonyesha kuwa ubongo huhitaji yapata sehemu sita za kumi za sekunde kuandaa hata neno moja la kutaja kitu kilicho katika picha. Hesabu hizi hazipatani, isipokuwa kama ajibuye huanza kutunga jibu mwenzake angali akisema. Basi kumkatiza mtu kauli si utovu wa adabu tu. Mbegu yake imo katika mwendo wenyewe wa mazungumzo.

Madhara yake yamepimwa. Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa huko Marekani, wakatoa matokeo mwaka 1984. Wagonjwa waliopata nafasi ya kumaliza maelezo yao ya mwanzo hawakufikia robo. Kwa wastani daktari aliingilia kati baada ya sekunde 18. Huenda wakatetewa kuwa foleni ni ndefu. Lakini huko Basel, Uswisi, madaktari walipoambiwa wasimkatize mgonjwa, wagonjwa 335 walisema mpaka wakanyamaza wenyewe, na wastani wao, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2002, ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu! Foleni gani itakayovunjika kwa hilo?

Walimu nao wasicheke. Mary Budd Rowe wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1974, alionyesha kuwa mwalimu akisha kuuliza swali hungoja yapata sekunde moja tu, kisha hulirudia, humgeukia mwanafunzi mwingine, au hujijibu mwenyewe. Walimu waliojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi. Na wanafunzi waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kusema.

Kuitikia "ehe" na "naam" hakutoshi, maana mtu aweza kuitikia mara kumi huku akili yake iko shambani. Kipimo kilicho kigumu zaidi alikipendekeza mwanasaikolojia Carl Rogers: usijibu hoja ya mwenzako mpaka umeieleza kwa maneno yako mwenyewe, naye akakiri kuwa ndivyo alivyokusudia. Jaribio hili lafaa darasani. Wanafunzi wakae wawili wawili, wabishane juu ya jambo linalowagusa kweli, na wa tatu ahesabu ni mara ngapi jibu la kwanza lilikuwa "Hapana, sikusema hivyo." Saa yenye mshale wa sekunde itasaidia kupima kimya kilichotangulia kila jibu.