Kufufua Lori Kuukuu kwa Viungo vya Gari la Karibuni

Katika nyua za baadhi ya vyama vya msingi yangalimo malori kuukuu yaliyosimama juu ya magogo, injini zimekufa, lakini chasisi na bodi zake zingali na nguvu. Miongoni mwa hayo ni Bedford za aina ya TJ, zile zenye pua ndefu, zilizoanza kutoka katika kiwanda cha Dunstable, Uingereza, mwaka 1958, na ambazo zilibeba mazao ya wakulima kwa miaka mingi. General Motors iliuza kiwanda hicho mwaka 1987, na kampuni iliyokirithi ikafilisika mwaka 1992. Tangu hapo vipuri halisi vimezidi kuwa adimu. Kila msimu unapokaribia, swali ni lile lile: lori liuzwe kwa bei ya chuma chakavu, au lifufuliwe?

Njia inayopendekezwa na mafundi wengi ni kununua gari la karibuni zaidi lililopinduka au kugongwa kabini, kisha kuhamisha viungo vyake vizima na kuvitia katika lile kuukuu. Gari hilo la kutolewa viungo huitwa na mafundi gari la kuchinja. Kwa Bedford ya TJ, mfano unaofaa ni Isuzu FSR yenye injini ya 6BD1. Injini hiyo ni ya dizeli, silinda 6, ujazo wa lita 5.8, na nguvu zake ni karibu farasi 160. Dizeli ya Bedford yenyewe ilikuwa ya lita 5.4 na nguvu za farasi 100 hivi. Kwa ukubwa hazipishani sana, wala nafasi chini ya boneti haikosekani. Kwa sababu hiyo kazi huonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Jambo la kwanza la kukataliwa ni kununua injini peke yake. Injini iliyokwisha kushushwa huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini hufika chamani bila giaboksi yake, bila klachi, bila vikalio vyake, bila rejeta, na waya zimekatwa kwa panga. Giaboksi ya Bedford haikubali injini ya Isuzu: matundu ya bolti hayalingani, na meno ya shafti inayoingia katika klachi si yale. Hapo hutafutwa fundi wa mashine ya kukerezea ili atengeneze bamba la kuunganisha, na bamba hilo likipotoka hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, beringi ya giaboksi hufa kabla msimu haujaisha. Gari zima la kuchinja huja na giaboksi yake, mabomba yake, waya zake, na kila bolti yenye urefu wake. Ghali yake ya mwanzo hurudi katika vitu vidogo ambavyo hakuna aliyevifikiria.

Kabla ya kulikata, gari hilo liwashwe ikiwezekana, na mlio na moshi wake uchunguzwe. Kisha kila waya ifungwe kitambulisho, na picha zipigwe za kila upande. Simu za siku hizi zimeirahisisha kazi hiyo, na fundi anayesema kwamba yote yamo kichwani mwake anafaa kuombwa ayatoe.

Kuikalisha injini ni kazi ya vipimo. Sampu isigusane na ekseli ya mbele pale springi zinapobonyea, na jambo hili lipimwe lori likiwa na mzigo, kwa kuwa likiwa tupu springi huficha ukweli. Propela ya zamani haitafaa kwa urefu, hivyo itakatwa au kuongezwa. Masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma yakae katika mstari mmoja, na shafti ipelekwe kusawazishwa, la sivyo lori zima litatetemeka. Kuna tatizo jingine ambalo huwashangaza wengi. Isuzu FSR ni gari lisilo na pua, dereva hukaa juu ya injini, na gia zake hubadilishwa kwa vyuma virefu vinavyotoka mbele kurudi nyuma. Katika Bedford dereva hukaa nyuma ya injini, karibu na giaboksi yenyewe. Hapana budi mfumo wa kubadili gia utengenezwe upya, au upatikane mfuniko wa giaboksi wenye wenzo wa kusimama juu yake.

Hayo yote, hata hivyo, ni matatizo yanayojionyesha. Injini isiyokaa sawa hupiga kelele, na gia isiyoingia hukataa kuingia. Suala la breki halijionyeshi, na ndilo lililo zito kuliko yote.

TJ nyingi zilitoka kiwandani na injini za petroli. Breki zake ni za mafuta, zikisaidiwa na busta, na busta hiyo hufanya kazi kwa ombwe, yaani kwa mvuto wa mahali palipoondolewa hewa. Injini ya petroli hujitengenezea ombwe hilo bila kifaa kingine: dereva anapoachia pedali ya mafuta, mlango wa hewa hufunga, silinda zinavuta na hewa haipiti, na mvuto huo hupelekwa kwa bomba hadi kwenye busta. Injini ya dizeli haina mlango huo. Huvuta hewa kwa wingi wakati wote, na kipimo chake ni mafuta tu. Kwa hiyo haina ombwe la kutoa, na hapana budi ipewe pampu maalumu. Injini nyingi za dizeli za Kijapani za malori madogo hubeba pampu hiyo nyuma ya alternata. Lakini malori ya ukubwa wa FSR kwa kawaida hutumia upepo kusukuma mafuta ya breki, hivyo injini zake huwa na kompresa ya upepo, na pampu ya ombwe huenda haipo kabisa.

Tazama basi matokeo yake. Petroli imeondolewa, dizeli imewekwa, bomba la busta limezibwa au limeachwa likining'inia. Lori linawashwa uani, linasogea, pedali inakanyagwa, linasimama. Watu wanapiga makofi. Pedali ni ngumu kidogo, lakini hilo hufikiriwa kuwa ni ugeni wa gari. Lori lile lile, likiwa na tani 7 za kahawa na mteremko mrefu mbele yake, halitasimama kwa nguvu za mguu wa mtu. Dereva atalijua hilo katikati ya mteremko.

Ziko njia mbili za halali. Ya kwanza ni kubaki na breki za Bedford na kuipa injini pampu ya ombwe, pamoja na tangi lake na valvu inayozuia ombwe lisirudi. Ya pili ni kuhamisha mfumo mzima wa Isuzu: kompresa, matangi ya upepo, valvu, na ekseli zake zote mbili pamoja na ngoma za breki. Kuchanganya nusu ya huku na nusu ya kule ni hatari, kwa kuwa silinda za breki za magurudumu hupimwa ili mbele na nyuma zigawane kazi. Njia ya pili ni bora, ila springi zitahitaji vikalio vipya, na matundu ya bolti za magurudumu huenda yakatofautiana na ya zamani. Ikihamishwa ekseli ya nyuma peke yake, lori litahitaji matairi ya akiba ya namna mbili.

Jaribio la busta ya ombwe halihitaji chombo chochote, na katibu wa chama anaweza kulisimamia mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa ungali umekandamiza, injini iwashwe. Pedali ikididimia kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isipodidimia, lori lisitoke nje ya uzio.

Breki ya mkono nayo iangaliwe. Katika malori ya Isuzu ya namna hii, ngoma yake hukaa nyuma ya giaboksi na hushika propela, wala haishiki magurudumu. Inashika vizuri, lakini propela au krosi ikikatika, hakuna kinachoshikwa tena. Kwa hiyo vigingi vya mbao vya kuzuia magurudumu viwe miongoni mwa vifaa vya lori hilo, na utingo ajue kazi yake.

Mwendo pia hubadilika. Tuseme difu ya lori ina uwiano wa 6 kwa 1, na mzunguko mmoja wa tairi ni mita 3 hivi. Injini ya zamani ikizunguka mara 2,600 kwa dakika katika gia ya moja kwa moja, lori huenda kilomita 78 kwa saa. Injini ya 6BD1 huzunguka hadi 3,200, na kwa difu ile ile mwendo hufika kilomita 96. Giaboksi mpya ikiwa na gia ya juu zaidi ya ile ya moja kwa moja, mwendo huzidi hapo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 80 kwa magari yanayozidi uzito wa kilo 3,500, na steringi ya lori la mtindo wa 1958 haikutengenezwa kwa kilomita 96. Fundi wa pampu ya dizeli aipunguze ile skrubu ya kikomo, kisha aifunge kwa lakiri.

Sambamba na hilo kuna tamaa ya mzigo. Lori linapopanda kilima bila kunguruma, wapakizi huona kwamba tani 9 zinawezekana. Injini haikuongeza unene wa chasisi hata kwa milimita moja. Ekseli za zamani ndizo zitakazokatika kwanza, na ikiwa bahati ni mbaya, chasisi. Mihimili ya chasisi ina umbo la mfereji: ubavu mpana uliosimama, na kingo mbili zilizolala juu na chini. Kingo hizo ndizo zinazobeba taabu yote ya mzigo, kwa hiyo zisitobolewe wala kuchomelewa. Vikalio vipya vifungwe ubavuni, kwa bolti.

Umeme hauna maneno mengi. Bedford ni ya volti 12, Isuzu ni ya volti 24. Lililo rahisi ni kuligeuza lori zima kuwa la volti 24: taa, mota ya waipa, honi na saa za dashibodi. Desturi ya kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili huiua betri hiyo mapema, na betri mbili za lori si kitu cha kununuliwa kila mwaka.

Je, gharama zote hizi zinastahili? Jibu hutoka katika daftari la mazao. Chama kinachokusanya magunia 1,200 ya kilo 100 kwa msimu, kwa lori la tani 7 lenye kubeba magunia 70, kinahitaji safari 18 tu. Kwa safari 18 ni afadhali kukodi, hata kama wanachama wanalipenda lori lao. Chama chenye magunia 10,000, au chenye kazi ya mbolea na pembejeo baada ya msimu, kina hesabu tofauti. Ikiwa fedha zitatoka kwa mkopo, ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis uangaliwe kabla ya gari la kuchinja kutafutwa, wala si baada ya malipo ya kwanza.

Hati zina uzito sawa na bolti. Muuzaji atoe kadi ya gari, mkataba wa mauzo na stakabadhi, na namba za chasisi na injini zilinganishwe na kadi hiyo mbele ya polisi. Kadi ya Bedford inaonyesha injini ya zamani. Mamlaka ya Mapato, ambayo ndiyo inayoandikisha magari, ijulishwe badiliko hilo ili namba mpya iingizwe. Kampuni ya bima nayo iandikiwe barua. Siku ya ajali, namba isiyolingana ni sababu tosha ya kuzua mabishano juu ya fidia.

Katika vitabu vya hesabu, gari la kuchinja lisiingizwe kama matengenezo ya kawaida. Likifanywa hivyo, gharama yote itakula ziada ya msimu mmoja, na wanachama watakaouza mazao mwaka huo watalipia lori litakalowahudumia wengine kwa miaka kumi. Gharama iongezwe katika thamani ya lori kwenye rejista ya mali za kudumu, kisha uchakavu ukatwe mwaka hadi mwaka. Mafuta ya injini, vichujio na vibao vya breki vibaki katika matengenezo.

Yatabaki mengi baada ya kazi: ekseli isiyotumika, milango, viti, matairi, na injini ya zamani. Yote yaingizwe katika leja ya stoo siku ile ile yanaposhushwa, kwa maana vitu hivi hupungua usiku. Vitakavyohifadhiwa kama akiba viandikwe mahali vilipo. Vingine viuzwe kwa zabuni. Chasisi ya gari lililochinjwa ikatwe mbele ya mjumbe wa kamati ya usimamizi, kadi yake irejeshwe ili uandikishaji ufutwe, na nakala ya kadi hiyo iwekwe katika jalada moja na kadi ya Bedford, kwa kuwa mkaguzi wa hesabu atauliza injini ilitoka wapi.