Filamu umeitazama, je, maoni yako yana uzito gani?

SWALI huwa ni moja tu pale mtu anapokutana na mwenzake aliyetoka kutazama filamu, iwe ukumbini au sebuleni kwake: "Ilikuwaje?" Jibu nalo mara nyingi huwa fupi. "Kali sana," au "Haina lolote."

Majibu hayo ni mepesi mdomoni, lakini athari yake ni kubwa. Katika nchi ambayo filamu nyingi hazina fedha za kujitangaza, neno la mtazamaji kwa jirani yake ndilo tangazo lenyewe. Kazi ya miezi kadhaa ya mwongozaji, waigizaji, wapiga picha na mafundi wa sauti inaweza kufunguliwa au kufungiwa mlango kwa sentensi moja iliyotamkwa ndani ya daladala.

Ndiyo maana si vibaya kujiuliza: maoni yenye manufaa juu ya filamu ni yapi, na mtazamaji wa kawaida, asiye msomi wa sanaa, anayapataje?

Desturi ya siku nyingi

Kwanza ieleweke kwamba kujadili filamu si jambo geni kwetu. Katika miji ya Unguja na Dar es Salaam, maonyesho ya Jumapili ya filamu za Kihindi yalikuwa shughuli ya familia nzima. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake juu ya sinema na watazamaji wa Tanzania kilichotoka mwaka 2018, anaeleza jinsi watu walivyojipamba, jinsi tiketi zilivyolanguliwa, na jinsi mazungumzo yalivyoendelea mitaani hata baada ya taa za ukumbi kuwashwa.

Chukua mfano wa Awaara, filamu ya Raj Kapoor iliyotoka nchini India mwaka 1951. Kisa chake ni cha mtoto wa jaji aliyekulia katika umaskini na kuishia kuwa mwizi. Swali lililomo ndani yake, kwamba je, tabia ya mtu hutokana na damu yake au na malezi yake, ni swali ambalo mzazi yeyote wa pwani angeweza kulibishania hadi usiku wa manane. Mtu hakuhitaji kujua Kihindi ili ashiriki mjadala huo.

Baadaye zilikuja deki za video, kisha vituo vya televisheni vilivyoanza Tanzania Bara mwaka 1994. Utazamaji ukahama taratibu kutoka kumbi kubwa kwenda sebuleni na kwenye vibanda vya video. Kumbi nyingi za zamani zikafungwa au zikageuzwa matumizi. Mjadala haukufa, ila ulibadili sura.

Mahali hubadili filamu

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba filamu moja haiwi ileile kila mahali. Ukumbini kuna giza, sauti kubwa na umati unaocheka au kushtuka kwa pamoja. Nyumbani kuna mgeni anayebisha hodi, mtoto anayelia na umeme unaokatika. Mtu aliyekatizwa mara tano hawezi kulalamika kwa haki kwamba hadithi haikueleweka.

Kibandani hali ni tofauti zaidi, kwani huko amezaliwa msanii mwingine kabisa, naye ni mtafsiri. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Kenya jina la DJ Afro linafahamika vivyo hivyo, na Uganda nayo ina wasimulizi wake.

Wasimulizi hao hawatafsiri neno kwa neno. Huongeza utani, humpa adui jina la mtaani, na humtetea "steringi" hata pale anapokosea. Hivyo basi, anayesema filamu fulani ya China ilimvunja mbavu huenda anamsifu msimulizi bila kujua. Maoni yake ni ya kweli, ila yanahusu kazi mbili kwa wakati mmoja, na ni vyema aseme hivyo.

Kupenda na kupima

Hatua ya pili ni kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara: kusimulia kisa, kusema kama umekipenda, na kupima kazi yenyewe. Kusimulia humweleza msikilizaji nini kilitokea. Kupenda humweleza habari zako wewe. Kupima ndiko humweleza habari za filamu.

Mfano mzuri ni Vuta N'kuvute, filamu iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto mwaka 2021. Filamu hiyo imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo. Inamhusu Yasmin, msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa asiyoitaka, na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Mwingereza Zanzibar.

Aliyeisoma riwaya kwanza anaweza kutoka ukumbini akinung'unika kwamba mengi yameachwa. Manung'uniko hayo yana msingi, lakini hayajafika mwisho. Riwaya yenye zaidi ya kurasa 200 haiwezi kuingia yote ndani ya muda wa takriban saa moja na nusu. Swali la kupima ni hili: kilichobaki kinajitosheleza? Picha, muziki na ukimya wa waigizaji vimefanya kazi ambayo kitabuni ilifanywa na maneno? Mwenye kujibu hivyo, hata akisema "hapana", amemsaidia mwongozaji na mtazamaji pia.

Lawama impate mwenyewe

Aidha, ni muhimu kujua chanzo cha kasoro kabla ya kulaumu. Itakumbukwa kwamba katika miaka ya 2000, filamu za Kitanzania zilipoanza kuuzwa kwa wingi katika kanda na baadaye santuri, wengi walilalamikia urefu wake: mhusika anashuka kwenye gari, anatembea hadi mlangoni, anabisha, anasubiri, na kamera inamfuata muda wote huo.

Baadhi ya watazamaji walihitimisha kwamba waongozaji hawakujua kazi. Lakini sokoni hadithi moja iliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, na mnunuzi alilipia kila moja. Biashara yenyewe ilidai kisa kivutwe. Anayejua hilo haachi kulalamika, ila lalamiko lake linamfikia anayehusika.

Vivyo hivyo kwa nakala za wizi. Mtu aliyetazama nakala iliyorekodiwa kwa kificho, yenye sauti inayokwaruza na picha iliyofifia, hana haki ya kuhukumu kazi ya mpiga picha. Isitoshe, ameshamnyima fedha yule anayemtaka aboreshe kazi yake.

Adabu ya mazungumzo

Ipo pia adabu ambayo watazamaji wa zamani waliijua bila kufundishwa. Mwenye kueleza filamu hamwambii mwenzake nani aliyekufa mwishoni. Humwonjesha, akamwachia uhondo wake. Hutaja pia kama inafaa kutazamwa na watoto, kwani mzazi anayeuliza "ilikuwaje?" mara nyingi anauliza hilo hasa.

Hata hivyo, adabu isigeuke kuwa unafiki. Wapo wanaoamini kwamba kuikosoa filamu ya nyumbani ni kuisaliti nchi, na wapo wanaoamini kwamba chochote kilichotengenezwa hapa ni kibovu hata kabla ya kukitazama. Makundi yote mawili yanafanana katika jambo moja, nalo ni kwamba hayakuitazama filamu.

Wahenga walituachia methali mbili zinazofaa kukaa pamoja katika jambo hili. Ya kwanza ni kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ya pili ni kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msanii wetu anastahili kutunzwa kwa kulipiwa tiketi yake na kutazamwa kwa makini. Anastahili pia kuambiwa ukweli, pamoja na sababu zake.

Kwa hiyo, safari nyingine utakapoulizwa "ilikuwaje?", jaribu kuongeza neno moja tu baada ya jibu lako: "kwa sababu". Yatakayofuata baada ya neno hilo ndiyo maoni.