Hesabu ya Fungu la Mwisho Soko la Tengeru

Msomaji wetu mmoja, mama anayeuza mnavu, mchicha na loshuu katika soko la Tengeru, ametuletea swali fupi. Akichukua mboga chache, zinamwishia kabla ya adhuhuri na wateja wanakwenda kwa jirani. Akichukua nyingi, jioni zimenyauka na hana wa kumpa. Anataka kujua kama huko vyuoni na kwenye vituo vya utafiti kuna mtu aliyewahi kulipigia hesabu jambo hili: siku ya gulio, Jumatano na Jumamosi, achukue mafungu mangapi?

Mama, wapo, na jibu lao ni moja ya hesabu zinazopendeza kuliko zote nilizowahi kusoma.

Swali lenyewe limezaliwa mahali pake. Tengeru, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, imezungukwa na watafiti: Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ina kituo cha kilimo cha bustani, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko hapohapo, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, World Vegetable Center, kimekuwa na makao yake ya kanda Arusha tangu mwaka 1992. Mbegu za mnavu zinazoitwa Nduruma na Olevolosi zimebeba majina ya maeneo yetu wenyewe. Habari za mbegu, udongo wa volkano na mifereji ya Mlima Meru zimeandikwa sana, nami leo naziruka zote. Swali la mama huyu linaanza pale mboga ikishakatwa na kufungwa, saa zake zikiwa zinahesabika.

Tuweke mfano. Fungu la mnavu linanunuliwa alfajiri kwa shilingi 200 kutoka kwa mkulima aliyeshuka nalo kutoka Akheri au Poli. Linauzwa shilingi 500. Likibaki jioni halina bei. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Kila muuzaji aweke za kwake. Tuseme pia ana daftari la siku 20 za gulio, na kwa kila siku ameandika wateja walitaka mafungu mangapi. Akiyapanga kuanzia siku mbaya hadi siku njema yanasomeka hivi: 30, 40, 45, 50, 55, 60, 65, 70, 75, 80, 85, 90, 95, 95, 100, 100, 105, 110, 120, 130.

Jumla ni 1,600, yaani wastani wa mafungu 80 kwa siku. Wengi wetu tungeishia hapo: chukua 80. Lakini wastani haujui bei. Haujui kwamba fungu lililokosekana limemnyima muuzaji shilingi 300 za faida, wakati fungu lililobaki limemlia shilingi 200 za mtaji. Hasara hizi mbili hazilingani. Kwa nini basi asimame katikati?

Ujanja wa hesabu hii ni kuuacha mzigo wote na kuliuliza fungu moja tu, lile la mwisho. Tuseme ameshachukua 80. Je, aongeze la 81? Fungu hilo litapata mnunuzi siku zile tu ambazo wateja wanataka zaidi ya 80, na daftari linasema siku hizo ni 10 kati ya 20. Siku 10 za kupata 300 ni shilingi 3,000. Siku 10 za kupoteza 200 ni shilingi 2,000. Aongeze. Sasa afike 90 na aulize habari za fungu la 91. Siku zinazolihitaji zimebaki 8, ambazo zinaleta shilingi 2,400. Siku ambazo litamfia ni 12, nazo zinakula shilingi 2,400. Sare! Hapo kuongeza hakuna tija tena. Jibu ni mafungu 90, na hakuna kompyuta iliyoguswa.

Mfikirie mchukuzi wa maji wa zamani na mzega wake begani, ule mti mrefu wenye ndoo huku na huku. Mzega wetu una urefu wa siku 20. Kushoto imening'inia ndoo ya kubakiwa, uzito wake 200. Kulia imening'inia ndoo ya kuishiwa, uzito wake 300. Bega likae wapi? Mchukuzi yeyote anajua bila kufundishwa: ndoo zisipolingana, bega halikai katikati, linasogea upande wa ndoo nzito hadi mti utulie. Hapa linatulia likiwa limeacha siku 12 kushoto na siku 8 kulia, kwa sababu 12 mara 200 ni 2,400, na 8 mara 300 ni 2,400. Sasa fungua daftari, hesabu hadi siku ya 12. Imeandikwa 90.

Na mzega huu una mengi ya kutuonyesha. Ndoo zikilingana uzito, bega linarudi katikati, kwenye siku ya 10. Hapo ndipo peke yake mazoea ya kuchukua mzigo wa katikati yanapokuwa sahihi. Chukua nyanya badala ya mnavu. Tenga linanunuliwa, tuseme, kwa 30,000, linauzwa 40,000, na likianza kulainika linatupwa kwa 5,000. Ndoo ya kuishiwa sasa ina 10,000 tu, ya kubakiwa ina 25,000. Bega linakimbilia kushoto hadi karibu na siku ya 6. Kwa hiyo mtu yuleyule, kwenye meza ileile, asubuhi ileile, anatakiwa awe jasiri kwenye mnavu na mwoga kwenye nyanya. Si suala la moyo wa mtu. Ni uzito wa ndoo.

Vitabu huliita jambo hili tatizo la muuza magazeti, kwa sababu gazeti la jana nalo halina mnunuzi. Jina hilo halina harufu ya soko letu. Nikiliita uboreshaji wa akiba, msomaji atadhani nazungumzia benki. Nimeamua kuiita kanuni ya mzega, na nitaomba wahariri waniachie.

Kusema kweli, benki ndiko hesabu hii ilikoanzia. Mwaka 1888 Francis Edgeworth, mwanauchumi mzaliwa wa Ireland, alijiuliza benki ibakize fedha kiasi gani kwa ajili ya wateja wanaokuja kutoa, bila kujua ni wangapi watakuja. Mwaka 1951 Kenneth Arrow, Theodore Harris na Jacob Marschak waliichukua hesabu hiyo wakaijengea nadharia nzima ya akiba ya bidhaa. Arrow alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972 kwa kazi nyingine kabisa.

Utafiti unaonishangaza zaidi ni wa mwaka 2000. Maurice Schweitzer na Gérard Cachon waliwapa wanafunzi wa biashara nchini Marekani mchezo wa namna hii, wakawaambia wazi uwezekano wa kila kiasi cha mauzo. Hapakuwa na siri yoyote. Hata hivyo, kwa bidhaa yenye faida kubwa wanafunzi waliagiza pungufu, na kwa yenye faida ndogo waliagiza kupita kiasi. Mara zote mbili walivutwa kuelekea wastani. Watafiti wengine wamerudia mchezo huo na kukuta mvuto uleule. Watu waliosomea biashara, wenye majibu mezani, bado walipapenda katikati. Kwa hiyo muuzaji wa Tengeru anayechukua mafungu 80 ana wenzake wengi wenye shahada.

Ipo tahadhari moja kubwa kabla mtu hajafungua daftari. Wengi huandika walichouza, lakini kinachotakiwa ni kilichoulizwa. Siku uliyochukua mafungu 70 yakaisha saa nne asubuhi, daftari litasema 70, na wale waliokuja saa sita hawamo. Ukipiga hesabu kwa namba hizo, utachukua pungufu, utaishiwa mapema, utaandika pungufu tena, na daftari litakudidimiza mwaka mzima. Dawa ni kupiga kijistari kwa kila mteja anayeondoka mikono mitupu, kisha kujumlisha. Pia usichanganye siku za masika na za kiangazi kwenye orodha moja. Mengine ni madogo.

Sasa tupande mlimani kidogo, kwa sababu hesabu inanoga zaidi tukimwingiza mkulima. Tuseme kwake, tangu mbegu na maji hadi nauli ya kushusha mzigo, fungu linamgharimu shilingi 50. Kama mkulima na muuzaji wangekuwa nyumba moja yenye mfuko mmoja, kuishiwa kungewapotezea 450 na kubakiwa kungewapotezea 50 tu. Bega lingesogea hadi siku ya 18. Wangeshusha mafungu 110. Lakini ni watu wawili, hasara yote ya jioni inamwangukia yule wa sokoni, naye kwa busara kabisa anaishia 90. Mafungu 20 ya tofauti yanabaki shambani yakikomaa kupita kiasi. Hakuna aliyekosea. Ni mgawanyo wa hatari ulioyazuia.

Mwaka 1985 Barry Pasternack alionyesha kwamba pengo hili linazibika kwa makubaliano: mwenye mali anarudisha sehemu ya fedha kwa kila bidhaa iliyobaki, na bei ya jumla inarekebishwa ili naye asiumie. Viwango vikipangwa vizuri, wawili waliotengana wanaweza kupata kwa pamoja kiasi kilekile ambacho nyumba moja ingepata. Kama angesoma hili, mfanyabiashara wa pwani angelitambua. Biashara yetu ina mali kauli tangu zamani: chukua mzigo kwa neno lako, uza, ndipo ulete fedha. Mali kauli ya kawaida huahirisha malipo tu. Ikiongezewa kipengele cha mabaki, inakuwa kitu kingine.

Tuijaribu. Mkulima apandishe bei ya fungu kutoka 200 hadi 215, naye akubali kurudisha 100 kwa kila fungu lililobaki jioni. Ndoo ya kuishiwa ya muuzaji inashuka hadi 285, lakini ndoo ya kubakiwa inashuka zaidi, kutoka 200 hadi 115. Bega linasogea hadi siku ya 15, yaani mafungu 100. Nimeipiga hesabu kwa siku zote 20 za daftari. Kabla ya makubaliano, muuzaji anapata wastani wa shilingi 18,625 kwa siku na mkulima 13,500. Baada ya makubaliano, muuzaji anapata 19,200 na mkulima 14,175. Wote wamepanda. Mnunuzi naye amepata, kwa sababu mafungu yanayofika jikoni yanaongezeka kutoka 73 na kidogo hadi karibu 77 kwa siku. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwa mtu. Zilikuwa zikilala shambani.

Hapohapo ndipo ninapoona faida ya kazi nyingine zinazofanyika katika utafiti wa mboga, kama vyumba vya ubaridi na vikaushio vya jua. Kwa kawaida husifiwa kwa kuokoa kilichobaki. Faida hiyo ipo, lakini ni nusu tu. Mnavu uliobaki ukiweza kukaushwa na kuuzwa hata kwa shilingi 100, ndoo ya kushoto inapungua nusu, na muuzaji anaanza kuchukua mzigo mkubwa zaidi tangu alfajiri, kabla jani moja halijakaushwa. Mkulima anauza zaidi hata siku ambayo hakuna kilichobaki. Anayepima faida ya ubaridi kwa kilo zilizookolewa jioni anaacha kupima mafungu yaliyoongezeka asubuhi.

Kwa wauzaji, kazi ni ndogo: daftari, vijistari vya waliokosa, na siku 20. Kwa vikundi vya wakulima wa Akheri, Poli na Nkoaranga, nina ombi moja. Mnapokaa na wanunuzi wenu kupatana bei ya jumla, andikeni na bei ya mabaki kwenye karatasi ileile.