Biafra: Vita Vilivyoamuliwa Bandarini

Machi 31, 1968, msafara wa magari karibu mia moja ya jeshi la Nigeria ulikuwa njiani kuelekea Onitsha, mji ulioko kando ya Mto Niger. Ulipofika Abagana, ulikuta wapiganaji wa Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, wakiongozwa na Meja Jonathan Uchendu wamejificha wakiusubiri. Lori la petroli lilipigwa likalipuka, moto ukarukia magari mengine, na msafara ukateketea karibu wote.

Kisa cha Abagana husimuliwa hadi leo mashariki mwa Nigeria, na kina haki ya kusimuliwa. Hata hivyo, ukiipanga ramani ya miezi ile 30 ya vita mezani, utaona kwamba hatima ya Biafra iliamuliwa mahali pengine: kwenye bandari zake.

Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu, kiongozi wa eneo hilo la mashariki, alitangaza uhuru wa Biafra Mei 30, 1967, mwaka mmoja baada ya maelfu ya Waigbo kuuawa kaskazini mwa nchi. Risasi zilianza kulia Julai 6. Jeshi la kiongozi wa Nigeria, Jenerali Yakubu Gowon, liliteremka kutoka kaskazini na kuuteka Nsukka, mji wa chuo kikuu. Kabla mwezi haujaisha, askari wengine walishuka kutoka melini na kutwaa Bonny, lango la meli zilizokuwa zikibeba mafuta ya Biafra kwenda ng'ambo.

Ojukwu alijibu kwa karata ambayo serikali ya Nigeria mjini Lagos haikuitarajia. Agosti 9 askari wake walivuka daraja la Niger pale Onitsha, na siku hiyohiyo wakauteka mji wa Benin. Kamanda wao, Victor Banjo, alikuwa Myoruba. Walisonga magharibi hadi Ore, na hapo mwendo ukakatika. Muda waliopoteza njiani uliipa Lagos nafasi ya kujipanga. Septemba kamanda wa Nigeria Murtala Mohammed aliurudisha Benin mikononi mwa serikali, na Banjo akapigwa risasi na Biafra yenyewe kwa shtaka la kupanga njama dhidi ya Ojukwu. Oktoba 4 Enugu, mji mkuu wa Biafra, ukaanguka.

Hata baada ya hapo Biafra haikuvunjika. Murtala alijaribu kuvuka mto kwa maboti kuingia Onitsha, akarudishwa kwa hasara kubwa. Kusini mambo yalikuwa tofauti. Kikosi cha Nigeria chini ya Kanali Benjamin Adekunle, aliyeitwa Nge Mweusi, kilitwaa Calabar Oktoba 1967, kisha kikafuata pwani mji kwa mji. Mei 19, 1968 kilikuwa ndani ya Port Harcourt, penye kiwanda cha kusafishia mafuta na bandari ya mwisho.

Mwezi mmoja kabla, Aprili 13, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Mwalimu Nyerere alishikilia kwamba umoja wa nchi husimama juu ya ridhaa ya watu wake. Gabon, Ivory Coast na Zambia zilifuata mwezi Mei. Marafiki waliwasili wakati bahari inafungwa.

Adui mwombee njaa, walisema wahenga. Baada ya Port Harcourt, dua hiyo haikuhitajika tena. Mamilioni ya watu, wengi wao wakimbizi, walibanwa katika eneo lisilo na pwani, wakakosa samaki, chumvi na nyama. Unyafuzi ukawavimbisha watoto. Tegemeo likabaki kipande cha barabara pale Uli kilichogeuzwa uwanja wa ndege, ambako ndege za misaada kutoka São Tomé na Fernando Po zilitua usiku, gizani.

Aprili 1969 Biafra iliukomboa mji wa Owerri baada ya kuuzingira kwa miezi kadhaa. Ulikuwa ushindi wa kweli, ila siku tatu tu kabla yake Umuahia, makao yake makuu, ulikuwa umetekwa. Januari 1970 kikosi alichorithi Olusegun Obasanjo kutoka kwa Adekunle kiliutwaa tena Owerri, kisha Uli. Ojukwu alikimbilia Ivory Coast, na Januari 15 msaidizi wake, Philip Effiong, akakabidhi hati ya kusalimu amri jijini Lagos.

Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia nusu milioni na kuvuka milioni mbili, na wengi wao hawakuwahi kushika bunduki. Orodha yoyote ya mapigano makubwa ya Biafra inayoanza na Abagana na kuisahau Port Harcourt inawaacha nje watu hao.