Mila za Wahamishaji wa Mifumo Endeshi

Wahamishaji wa mifumo endeshi ni waprogramu wanaouwezesha mfumo endeshi huria kufanya kazi kwenye aina ya kompyuta ambayo mwanzoni haukuandikiwa. Kompyuta zao aghalabu ni zile ambazo kiwanda kilishaacha kuziunda: VAX za kampuni ya DEC, Amiga za Commodore, LUNA za Omron, X68030 ya Sharp, hata Dreamcast ya Sega iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo. Wengi wao hawalipwi. Wanaishi mbalimbali, Japani, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na wengine wamefanya kazi pamoja kwa miaka bila kuonana. Kinachowafanya wawe jamii ni taratibu zao, ambazo kila mgeni hujifunza kabla msimbo wake haujapokelewa.

Tawi linalojulikana zaidi kwa kazi hii ni NetBSD, mradi ulioanzishwa mwaka 1993 na Chris Demetriou, Theo de Raadt, Adam Glass na Charles Hannum. Tangu awali mradi huo ulishikilia kwamba mfumo mmoja uhudumie mashine za kila aina. Msingi wa desturi zake uko katika namna msimbo unavyopangwa. Sehemu isiyojali aina ya mashine, kama vile mafaili, mtandao na ratiba ya programu, huandikwa mara moja tu kwa ajili ya wote. Sehemu inayogusa prosesa na waya za mashine fulani huwekwa peke yake, kila mashine na saraka yake. Mgeni akileta marekebisho yanayoingiza mambo ya mashine yake katika msimbo wa wote, hurudishwa akaandike upya, hata kama yanafanya kazi. Huo ni mwiko wa kwanza. Wa pili ni kuweka msimbo unaofaa mashine yako huku ukizivunja za wenzako.

Kazi yenyewe ina hatua ambazo karibu kila mhamishaji huzipitia kwa mpangilio uleule, na X68030 inazionyesha vizuri. Sharp waliitoa Japani mwaka 1993, ikiwa na prosesa ya Motorola 68EC030 ya megahezi 25. Prosesa hiyo ni ya bei nafuu, nayo haina kitengo cha kusimamia memori, yaani kile kinachoizuia programu moja isiingilie nafasi ya nyingine. Mfumo wa jamii ya Unix kama NetBSD haukai bila kitengo hicho. Kwa hiyo mwenye X68030 hulazimika kufungua sanduku, kuchomoa prosesa ya kiwandani na kuchomeka 68030 kamili mahali pake. Hapo programu bado haijaguswa. Mtu anayekubali kufungua mashine adimu kiasi hicho ameshaonyesha kwamba hatanii.

Baada ya hapo hutafutwa njia ya kuisikia mashine. Mhamishaji huunganisha kebo ya siriali kutoka kwenye mashine ngeni hadi kwenye kompyuta yake ya kawaida, kisha huandika maelekezo machache yanayotuma herufi moja tu. Herufi hiyo ikionekana, anajua kwamba prosesa inatekeleza msimbo wake. Huendelea kupanda herufi nyingine hapa na pale ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na ile ya mwisho kuonekana humwambia mashine imekwama wapi. Siku kerneli ya NetBSD inapoamka barabara, kinachotangulia ni tangazo la hakimiliki, kisha kiasi cha memori, kisha orodha ya vifaa vilivyotambuliwa, kila kimoja na mstari wake. Orodha hiyo huitwa dmesg. Ni desturi kuihifadhi na kuwapelekea wenzako, nao huisoma mstari kwa mstari wakitafuta kifaa kilichokosekana.

Hatua zinazofuata ni kuwasha mfumo kwa kuvuta mafaili kupitia mtandao, kwa kuwa diski huwa haijatambuliwa bado, kisha kuruhusu mtumiaji mmoja, kisha wengi. Ya mwisho ni mashine kujijenga yenyewe: kuchukua msimbo chanzo wote wa mfumo na kuutafsiri bila msaada wa kompyuta nyingine.

Katika hatua hiyo jamii imegawanyika. NetBSD, kuanzia toleo la 1.6 la mwaka 2002, ina utaratibu wa kujenga mfumo wa mashine yoyote kutoka kwenye kompyuta yoyote yenye nguvu. Mwenye mashine ya zamani hungoja saa chache badala ya siku nyingi. OpenBSD, iliyojitenga na NetBSD mwaka 1995 chini ya Theo de Raadt, inasisitiza kwamba mfumo wa mashine ujengwe juu ya mashine yenyewe. Gharama yake ni ya kweli. Januari 2014 mradi huo uliomba hadharani usaidiwe bili ya umeme ya takriban dola 20,000, na wapo waliohoji kwa nini mitambo ya kale isizimwe tu. Jibu la viongozi wake lilikuwa kwamba mashine hizo hufichua kasoro ambazo mashine mpya huzificha. Hoja hiyo ina uzito, ingawa njia ya NetBSD ndiyo iliyowezesha mashine nyingi dhaifu zisiachwe.

Mfano wa kasoro hizo ni mpangilio wa baiti. Namba 258 ikihifadhiwa katika baiti mbili, prosesa za Motorola 68000 huanza na 1 kisha 2, ilhali za Intel huanza na 2 kisha 1. Mwandishi wa programu aliyezoea Intel tu huweza kuandika msimbo unaosoma namba vibaya bila yeye kugundua. VAX ni ngumu zaidi, kwa sababu desimali zake zilibuniwa kabla ya kanuni za sasa na hazina nafasi ya ukomo wala ya jibu lisilo namba. Mhamishaji akikutana na kosa kama hilo hatarajiwi kulifunika kwa ajili ya mashine yake pekee. Hulipeleka kwa mwandishi wa asili ili lirekebishwe kwa wote.

Kuazimana na kupeana mashine ni desturi nyingine yenye mizizi. Linux ilifika kwenye prosesa ya Alpha ya DEC kwa sababu Jon Hall, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, alikutana na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 1994 na kumfanyia mpango wa kupata mashine ya kujaribia. Michango ya fedha huja pale kazi inapozidi uwezo wa mtu mmoja. Mwaka 2019, kompaila ya GCC ilipokaribia kuacha kuhudumia jamii ya prosesa za 68000 kwa sababu msimbo wake wa kuzihudumia ulikuwa wa muundo wa kizamani, wapenzi wa prosesa hizo walichangishana wakamlipa mtaalamu aliyeuandika upya msimbo huo.

Huko Japani watumiaji wa mifumo ya jamii ya BSD, kama NetBSD na OpenBSD, wana mazoea ya kubeba mashine zao hadi kwenye makongamano ya programu huria, wakaziwasha mezani mbele ya wapita njia. LUNA na X68030 huonyeshwa zikiendesha programu za leo, polepole lakini bila kudanganya.

Mashine isiyo na mlezi, au isiyoweza kwenda na nyingine, huondolewa, na uondoaji una taratibu zake. Debian, mkusanyiko wa programu unaotumia Linux, iliipokea jamii ya prosesa za 68000 katika toleo la 2.0 la mwaka 1998, ikaiacha nje ya toleo rasmi la 4.0 mwaka 2007 kwa kuwa ilishindwa kwenda na kasi ya nyingine. Walezi wake wakaihamishia kwenye hazina isiyo rasmi na kuendelea. Linux iliacha prosesa ya 386, ile iliyozaliwa nayo, kwa uamuzi wa mwishoni mwa 2012, na mwaka 2018 ikaondoa aina 8 za prosesa kwa mpigo. OpenBSD iliiaga VAX baada ya toleo la 5.9 la mwaka 2016. Msimbo uliofutwa hubaki katika kumbukumbu za mabadiliko, hivyo yeyote mwenye mashine na subira anaweza kuufufua. Kinachoulizwa zaidi kabla ya kufuta si umri wa mashine wala idadi ya watumiaji. Huulizwa kama yupo mtu anayeijenga na kuijaribu.

Kwa VAX, X68030 na LUNA za NetBSD bado yupo: zote zimo katika toleo la 10.0, lililotoka Machi 2024.